Mashine za masikio za mzee zililala kwenye droo miezi minane

Naandika hii kwa sababu ndugu zangu wamenichosha kuniuliza mzee alipona vipi. Hakupona jamani, masikio yakishaharibika kwa kelele hayarudi, ila sasa anasikia, na ni vitu viwili tofauti.

Mzee ni mwanajeshi mstaafu, tunakaa Bombo, mji wa jeshi hapa Uganda, na Kiswahili changu ni kile cha kambi msinicheke. Miaka mingi alikuwa upande wa mizinga na siku zile nani alikuwa anafikiria kuziba masikio. Shida ilikuja polepole, redio inapandishwa, simu inawekwa spika, halafu ikafika sokoni: muuzaji anasema elfu sita, mzee anasikia tisa, vita inaanza hapo hapo. Mama naye akaamini kabisa kwamba mzee anamdharau makusudi.

Tukachanga, tukampeleka duka moja kubwa Kampala, jina nalibakiza. Viti vya ngozi, mtu wa mapokezi na tai yake. Kipimo hakikumaliza dakika kumi, kilifanyika ofisini simu zinalia, na hakuna hata mmoja aliyemchungulia ndani ya sikio. Tukalipa, tukapewa mashine mbili kwenye boksi zuri na kakaratasi ka waranti, na tulipofika Bwaise kwenye taksi mashine zinapiga filimbi mpaka konda anauliza nani kabeba ndege. Tulirudi mara tatu. Mara ya mwisho yule aliyetuhudumia ameshaacha kazi, eti mashine zipelekwe nje ya nchi na usafirishaji tulipe sisi. Mzee akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka kwenye droo, miezi minane.

Nesi mmoja rafiki yangu ndo akaniambia kuna kadada Wandegeya, mtaalamu wa usikivu, amefungua kakliniki kake. Banange, nilipofika nilitaka kugeuka. Ngazi nyembamba, chini wanauza vipuri vya pikipiki, nyuma mafundi wa chuma, ndani viti vinne vya plastiki. Nikasema hapa tumeliwa tena.

Kitu cha kwanza akachukua katochi kake akaangalia masikio. La kulia limejaa nta mpaka kiwambo hakionekani! Akailainisha nta, akalisafisha sikio, akamuuliza mzee kama anatumia pamba za vijiti, mzee akakubali kama mtoto aliyekamatwa na sukari, kumbe vile vijiti ndo vinasukuma nta ndani zaidi. Akauliza na dawa alizowahi kutumia, kwinini kwa muda mrefu, sindano za jentamaisini, kwa sababu kuna dawa zinaumiza sikio la ndani. Halafu ndo akamwingiza kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, hedifoni, kibonye mkononi, akapima kila sikio peke yake karibu dakika arobaini.

Akanionyesha mchoro. Sauti nzito mzee anazisikia vizuri tu, ila mstari ukifika sauti nyembamba, hezi 3000 mpaka 4000, unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi, na ndo kawaida ya masikio ya bunduki na viwanda. Huko juu ndo zinakaa S, T, F na K, kwa hiyo anasikia kwamba unaongea lakini maneno yanamfikia yamekatwa. Sita na tisa ndo zilizaliwa hapo. Nikamwangalia mama, mama akaangalia chini.

Sasa nikasubiri aniuzie mashine mpya. Hakuuza! Alichomeka zile zile za droo kwenye kompyuta, akasema mashine hazina kosa, hakuna aliyezipangia masikio ya huyu mtu. Akajaza kitu laini sikioni kuchukua umbo lake, moldi, yaani vizibo vya umbo la sikio lake, zikaja baada ya wiki mbili, filimbi ikaisha. Akapitisha na kapaipu kembamba sikioni kupima sauti inayofika kweli ndani, kitu ambacho kule kwenye viti vya ngozi sikukiona. Mambo madogo pia alifundisha, betri ukiibandua kastika inaanza kuisha hata kama hujaitumia, usiku mashine zilale kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, na mzee aanze na saa mbili kwa siku nyumbani kimya, asikimbilie taksi paki. Mama akaambiwa aongee akimtazama usoni, asipige kelele.

Tumerudi mara tano tangu hapo kurekebisha, na kila mara ni mtu yule yule anayemkumbuka mzee. Mashine ya masikio ukiinunua ndo unaanza, siyo umemaliza, na kumrudia mtu ndo huduma yenyewe.

Kinachoniuma, bima yangu inazilipa hospitali kubwa tu, huyu kadada hayumo kwenye orodha, tulilipa mfukoni. Na zile kambi za kugawa mashine za bure, asante sana, lakini wiki ijayo zikipiga filimbi mtu wa kijijini amwendee nani? Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2021 likasema zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya usikivu, wengi wako nchi kama zetu. Hao hawawezi kutoshea kwenye foleni ya hospitali ya Mulago. Tuwape hawa wadogo kama kadada nafasi, bima iwaandikishe, wilaya ziwape kazi ya kupima watoto shuleni, maana kuna mtoto masikio yanatoa usaha mwaka mzima na mwalimu kashamwita mjinga.

Si kwamba kadada hana kasoro. Umeme ukikatika kipimo kinaahirishwa, risiti anaandika kwa mkono, na hizo ngazi kwa mzee mwenye magoti mabaya ni adhabu, nimemwambia. Alhamisi hayupo, anaenda mashuleni, piga simu kwanza. Na ufike kabla ya saa nne asubuhi, mafundi wa chuma wakianza kusaga anasimamisha kila kitu mpaka wanyamaze, siku moja tulikaa hapo mpaka saa nane na mzee, kwa mara ya kwanza maishani, analalamika kelele.