Vitalogy ya Pearl Jam kwenye santuri: laki mbili na nusu, na sijutii

Wakusanyaji wengi wa Pearl Jam, bendi ya rock ya Marekani, hukimbilia zile santuri ndogo za Krismasi ambazo bendi ilianza kuwatumia wanachama wa klabu yake ya mashabiki mwaka 1991. Waache wagombanie bei. Mimi nimechukua albamu yao ya Vitalogy, chapa ya 1994, mtumba, laki mbili na nusu hadi kunifikia hapa Area C, Dodoma.

Jalada kwanza! Limebuniwa kama kitabu cha zamani cha tiba. Jirani yangu muuguzi alilikuta mezani akaniuliza, "Kaka, na wewe umeanza kusomea udaktari?" Halafu kuna historia yake: ilitoka kwenye santuri tarehe 22 Novemba 1994, wiki mbili kabla ya CD, ikauza takriban nakala 34,000 wiki ya kwanza, enzi ambazo santuri zilishaonekana za wazee.

Sauti ni nzito, gitaa linakukaa kifuani. Upande wa pili una mikwaruzo, hasa kwenye Better Man, wimbo ambao kila mwenye nakala hii ameuchosha. Nyota nne.

Kwa wa Dodoma: vumbi letu la kiangazi linaingia hadi kwenye mifereji ya santuri, basi pangusa kwa brashi laini kabla ya kushusha sindano. Isimamishe wima, mbali na dirisha la magharibi, maana jua la saa tisa linaipinda. Sindano yangu alinibadilishia fundi redio wa Majengo, elfu thelathini, huku akiniomba nimwekee santuri ya Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wetu wa dansi wa zamani.