Programu ya bayoridhimu katika ludo na dhumna: uzoefu wangu

Kwa kipupwe chote kilichopita nilitumia programu ya simu inayochora bayoridhimu ya mtu, yaani mizunguko ya siku maalumu inayodaiwa kupandisha na kushusha uwezo wake, kwa nia ya kuona kama siku inazoziita za bahati zina athari yoyote katika ludo na dhumna tunazocheza barazani hapa Wete baada ya sala ya Alasiri. Fedha hatuwekeani, kwa sababu kamari ni haramu. Anayefungwa huinuka akampisha mwenzake, na kejeli anazozipata zinatosha kumfanya atafute msaada popote, hata kwenye simu.

Programu humtaka mtumiaji tarehe ya kuzaliwa, basi. Kutokana nayo huhesabu siku alizoishi na kuchora mawimbi matatu yanayoanzia sifuri siku aliyozaliwa: la mwili hujirudia kila siku 23, la hisia kila siku 28, na la akili kila siku 33. Mawili ya mwanzo yanatokana na Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo wa Berlin aliyekuwa rafiki wa Sigmund Freud, na la tatu liliongezwa katika miaka ya 1920.

Kwa upande wa hesabu sina lawama. Nilijaribu tarehe ya mfano, 1 Januari 1990, nikaihesabu kwa karatasi hadi 1 Januari 2020, nikapata siku 10,957. Ukizigawa kwa 23 hubaki 9, kwa 28 hubaki 9 vilevile, na kwa 33 hubaki 1; mabaki hayo ni siku zilizopita tangu kila wimbi lianze upya. Programu nayo iliniandikia, kwa kipimo ambacho kilele ni asilimia 100, mwili asilimia 63, hisia asilimia 90 na akili asilimia 19, kama inavyotakiwa.

Taabu inaanzia kwenye tarehe yenyewe. Wazee wengi wa barazani wanajua kwamba walizaliwa wakati wa masika au mwaka wa mavuno mazuri ya karafuu, na tarehe iliyomo katika kitambulisho ni ya kukadiria. Kosa la siku sita tu linatosha kuliteremsha wimbi la mwili kutoka kileleni hadi sifuri. Isitoshe, kwetu siku huanza jua linapotua, hivyo mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa mama yake humhesabu kuwa ni wa Ijumaa, ilhali cheti kinaweza kuandika Alhamisi. Programu haiulizi lolote katika hayo.

Katika ludo sikuona tofauti yoyote, wala sioni ingetoka wapi. Ili kete itoke nyumbani unahitaji sita, na dadu lina nyuso sita, kwa hiyo kila linaporushwa nafasi yako ni moja kati ya sita, uwe umeamka na nguvu au umeamka na mafua. Hata tukikubali kwamba mawimbi hayo yapo, yanamhusu mchezaji. Dadu halina siku ya kuzaliwa.

Dhumna ni jambo jingine kidogo, na hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Mawe ni 28, kila mmoja wa wachezaji wanne huchukua saba, na kuanzia hapo anayekumbuka nini kimeshatoka ana faida juu ya asiyekumbuka. Simu iliponiambia kwamba akili yangu iko juu, nilicheza kwa ujasiri na kuthubutu kufunga mchezo mapema; iliponiambia siku ni ya hatari, nilishikilia mawe mazito, yale yenye nukta nyingi, kwa woga hadi nikafungwa nayo. Kwa hiyo athari ipo, lakini nadhani inatoka katika kuusoma ujumbe. Naamini ningeandikiwa maneno hayo hayo bila hesabu yoyote, ningecheza vivyo hivyo.

Siku za hatari nazo ni zile ambazo wimbi lolote linapita sifuri, na kwa mawimbi matatu hilo hutokea karibu siku moja katika kila tano. Kwa wingi huo, mtu aliyefungwa hakosi kisingizio karibu. Mwaka 1998 Terence Hines, mwanasaikolojia wa Marekani, alipitia tafiti 134 kuhusu nadharia hii na kuhitimisha kwamba haina ukweli. Linganisha na wakulima wa mwani wa Micheweni: hupanga kazi zao kwa bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, mzunguko ambao mwezi na jua vinausababisha na ambao kila mtu anauona kwa macho ufukweni; wa siku 23 hakuna aliyeonesha unasababishwa na nini.

Programu ni nyepesi, haili bando, na lugha yake ni Kiingereza tupu. Kero yangu kubwa ni kwamba kila siku ya bahati hufuatana na tangazo la kubeti, na orodha ya siku za bahati za mwezi mzima hufunguliwa kwa malipo. Kwa mtu anayependa kujua ameishi siku ngapi, toleo la bure linamtosha. Hilo la kulipia ninalipatia nyota moja kati ya tano, na hiyo nyota ni ya hesabu yake.