Kisanduku cha Sumakuumeme: Kadi ya Ørsted Imetimia, ya Faraday Inadai Waya

Nilinunua kisanduku hiki mwezi Juni katika duka la vifaa vya shule lililoko Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa shilingi 48,000, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao kila mwaka hukariri mada ya sumakuumeme, yaani uhusiano wa umeme na sumaku, bila kuiona ikitokea mbele ya macho yao. Ndani mna dira mbili, waya wa shaba, koili ya mizunguko 50, kipande cha sumaku, msumari mnene, galvanomita ndogo (kifaa chenye sindano inayoonyesha mkondo mdogo wa umeme), kishikio cha betri mbili kubwa za tochi na kadi sita, kila moja ikiwa na jina la mwanasayansi. Kilichonivutia ni kwamba aliyezipanga kadi amefuata watu na miaka yao, si kanuni.

Kadi ya Hans Christian Ørsted peke yake inastahili nusu ya bei. Inamtaka mwanafunzi kwanza alaze waya juu ya dira, mkondo ukitoka magharibi kwenda mashariki, na hapo sindano haitikisiki hata kidogo. Kisha augeuze waya ufuate mstari wa sindano, kaskazini na kusini, na sindano inaruka kuelekea pembeni. Darasa zima lilinyamaza. Ninachopinga ni maelezo ya kadi kwamba Ørsted aliligundua jambo hili kwa bahati tu alipokuwa akifundisha mjini Copenhagen mwezi Aprili 1820. Alikuwa ameutafuta uhusiano wa umeme na sumaku kwa miaka mingi, na baada ya siku ile alirudia majaribio kwa makini kabla ya kutoa, tarehe 21 Julai, taarifa yake ya kurasa nne kwa Kilatini.

Dira zenyewe zina kasoro ambayo mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kuijua. Inaonekana zimesawazishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ilhali Mbeya ipo kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako sindano hulala sawa bila kuinama), ambako uga wa sumaku wa dunia huivuta chini ncha ya kusini ya sindano. Matokeo yake, ncha hiyo ilikuwa ikikwaruza sakafu ya dira na kukwama. Nilibandika chembe ya nta ya mshumaa upande wa kaskazini, sindano ikakaa sawa.

Jaribio la Ampère, la vipande viwili vya karatasi ya alumini vinavyovutana mikondo ikielekea upande mmoja na kusukumana ikipingana, linafanya kazi, ingawa betri huchemka upesi kwa sababu kisanduku hakina swichi. La Sturgeon, aliyetengeneza sumaku ya umeme mwaka 1825, ni msumari na waya tu, na halina tatizo.

Tatizo ni Faraday. Mtoto huyu wa mhunzi, aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara, alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogea ndani ya koili huzalisha mkondo, nayo ikitulia mkondo hukoma. Kwa koili ya mizunguko 50 na galvanomita nzito kama hii, mwanafunzi haoni chochote, na anaweza kuondoka akiamini kwamba Faraday alikosea. Ilinikumbusha mwanafizikia Colladon wa Geneva, ambaye mwaka 1825 aliiweka galvanomita chumba kingine ili sumaku isiivuruge. Kila alipoisukuma sumaku ndani ya koili kisha akatembea kwenda kutazama, sindano ilikwisha kurudi mahali pake.

Niliipeleka koili kwa fundi wa kusuka mota, hapo hapo Mwanjelwa. Aliizungusha mkononi akacheka: “Mwalimu, mizunguko hamsini haitoshi hata kengele ya mlango.” Alinisukia nyingine ya mizunguko 400 kwa waya mwembamba wenye vanishi, kwa shilingi 6,000, na sasa sindano inakwenda huku na huku kila sumaku inapoingia na kutoka. Ndiyo maana nashangaa Joseph Henry, mwanasayansi wa Marekani, hana kadi. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba waya uliofunikwa vizuri unaweza kuzungushwa tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku yake ya umeme ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Mtengenezaji angemsoma, koili isingekuwa hivi.

Kadi za Maxwell na Hertz ni picha na maelezo tu. Ya Maxwell ina milinganyo minne ya umeme na sumaku kana kwamba ndiyo aliyoiandika, ilhali mwaka 1865 alitoa 20, na ufupisho huo ulikuja baadaye kwa kazi ya mwanafizikia Heaviside. Kwa Hertz, ambaye majaribio yake ya 1887 na 1888 yalithibitisha mawimbi ya sumakuumeme, ingetosha kumwambia mwanafunzi akwaruze waya kwenye ncha ya betri karibu na redio iliyofunguliwa masafa ya kati, asikie mlio.

Muuzaji alikuwa mwungwana, akakubali kunibadilishia dira moja iliyopasuka kioo bila kudai risiti. Wiki iliyopita visanduku vitatu vilikuwa bado rafuni. Ukienda, omba kufunguliwa, ulaze dira mezani na uitazame sindano kabla ya kulipa.