Raba ya mtumba ya SIDO na Strava ya bure, tathmini ya bonge anayeanza kukimbia Mbeya

Kiatu nakipa nyota nne na nusu, apu naipa tatu, na kama una hela ya kitu kimoja tu basi imwage yote kwenye kiatu. Wenye haraka mnaweza kuishia hapo, wengine tuendelee.

Kiatu chenyewe ni Brooks Adrenaline GTS 22, mtumba, nimekitoa soko la SIDO pale Mwanjelwa kwa elfu 45 baada ya muuzaji kuanzia 70. Apu ni Strava ile ya bure, ya simu, inayorekodi njia na umbali unaokimbia. Mtumiaji ni mimi, mama wa watoto, kilo mia na ushee, mara ya mwisho kukimbia kabla ya hapa ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi. Kilo nazitaja makusudi maana tathmini nyingi za viatu huko mtandaoni zinaandikwa na watu wembamba ambao hata ukiwavalisha kandambili watakimbia tu, sasa akiniambia kiatu kina mwitikio mzuri mimi inanisaidia nini.

Hesabu ni hivi. Mtu akikimbia, kila mguu unapotua unapokea mzigo wa kama mara mbili mpaka tatu ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 hiyo ni 120 mpaka 180, mimi ni 200 kwenda 300, kila hatua, mguu mmoja, na kilomita moja ina hatua zaidi ya elfu. Kwa hiyo ule sponji wa katikati ya soli kwetu sisi ndo kiatu chenyewe, rangi na nembo ni mapambo. Ndo maana huwa nashangaa mtu mzito ananunua raba mpya ya elfu 30 iliyoandikwa jina kubwa, unaibonyeza soli ni plastiki ngumu tupu. Jirani yangu alichukua pea ya hivyo kwenye duka moja hapa mjini, mpya, ina boksi na karatasi zake, magoti yakaanza kumuuma alafu soli nayo ikaachia mbele, akarudi kuvaa dera na kusema kukimbia sio kwa watu wa mwili wake. Mwee, mwili hauna kosa hapo.

Sasa mtumba nao sio kwamba unaokota tu. Pale SIDO ukifika wameshakusoma, "karibu dada bonge, hii ndo saizi yako, original ya mzungu kabisa", na kweli nyingi ni original, sema original iliyokwisha. Mtu kule Ulaya au Marekani ameikimbilia mpaka sponji umekufa ndo akaitoa, huku ikapigwa brashi na sabuni inang'aa. Kwa hiyo usiangalie juu, angalia chini na pembeni. Mimi nageuza kwanza kisigino, kama mpira umelika mpaka sponji inaonekana narudisha. Alafu nabonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba, unatakiwa uingie kidogo na urudi, ukikuta mgumu kama mkate wa juzi au una mikunjo mingi mingi ya kulala ujue hapo hakuna kitu hata kama juu kipo kama kipya, sponji inazeeka hata kwa kukaa stoo tu. Alafu nakiweka kwenye meza ya muuzaji nakitazama kwa nyuma, kikiwa kimelalia upande mmoja basi mwenye nacho wa kwanza alikuwa anakanyagia huko na wewe utalazimishwa ukanyage hivyohivyo. Mwisho natoa soli ya ndani naisimamia, mguu ukimwagika pembeni kiatu ni chembamba, hata kama namba ni yako. Muuzaji atanuna, atasema "mama unanunua kiatu au ng'ombe", mwache anune.

Hapa kwenye upana ndo watu wengi wanapigwa bila kujua, hasa wanawake. Chini ya ulimi wa kiatu kuna kikaratasi cha saizi na kwenye Brooks mara nyingi kuna herufi. Kwa kiatu cha kike B ni kawaida, D ni pana, 2A ni chembamba. Kwa cha kiume D ni kawaida na 2E ni pana. Umeona hapo? Upana wa kawaida wa mwanaume ndo upana wa mwanamke mwenye mguu mpana. Kwa hiyo badala ya kuhangaika kutafuta cha kike kipana, ambacho kwenye belo ni bahati nasibu, nenda upande wa wanaume ukapunguze namba moja na nusu kwa namba za Kimarekani, kike 9 na nusu inakuwa kiume 8. Changu ni cha kiume, bluu na kijivu, mume wangu alidhani nimemletea zawadi. Na uache nafasi mbele ya kidole kirefu kama upana wa dole gumba maana mguu unavimba ukikimbia, ukibana tu kucha zitageuka nyeusi.

Mguuni kikoje? Kisigino kimenyanyuka milimita 12 kuliko mbele, hiyo inapunguza mvutano kwenye ule mshipa mnene nyuma ya kifundo ambao kwa mtu mzito aliyekaa ofisini miaka ndo wa kwanza kulalamika. Pembeni ya kisigino, ndani na nje, kuna kingo za sponji ngumu kidogo, Brooks wenyewe wanaziita GuideRails, zinazuia mguu usilalie ndani ukichoka. Mimi nyayo zangu ni bapa kwa hiyo kazi yake naiona hasa mwishomwisho wa zoezi, goti linabaki kwenye mstari wake. Laini ipo ila haizami, na hilo nalipenda, kuna viatu vilaini sana ukiwa na kilo zetu unahisi uko kwenye godoro. Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya matope, soli yake ni ya kukimbilia kwenye lami, ile njia nyekundu ya mtaani kwetu ikilowa inateleza vibaya mno, na kitambaa chake cha wavu kinapitisha maji yote. Kama unaishi pembeni kabisa ambako lami ni ya kusikia basi tafuta kiatu chenye meno, usinifuate mimi.

Jambo lingine, umri. Wanaouza na wanaotengeneza viatu vya kukimbia wanazungumzia kilomita 500 mpaka 800 kwa pea mpya. Sisi wazito tukae upande wa 500, na kwa mtumba ukumbuke kuna mtu ameshakula sehemu yake, mimi nakihesabia 300 tu alafu kinashuka cheo kinakuwa cha sokoni. Na kuhesabu ndo Strava inapoingia.

Kile kipengele cha kusajili viatu ndo kitu bora kuliko vyote humo ndani na ni bure. Unaandika jina la kiatu, kila ukikimbia inajumlisha kilomita zake, na unaweka kikomo ikukumbushe. Kingine kizuri, kurekodi njia hakuli bando, setilaiti haziombi MB, unaweza kuondoka data imezimwa ukaja kupandisha ukirudi kwenye WiFi au ukijiunga. Simama nje usubiri ishara ikamate kabla ya kubonyeza kuanza, ukianzia sebuleni chini ya bati mstari wako utaonekana umepita juu ya nyumba za watu.

Sasa matatizo. Hizi simu zetu nyingi, Tecno, Infinix na wenzake, zina tabia ya kuua apu ikiwa nyuma ili kuokoa chaji, unafika nyumbani unahema unakuta imeandika mita 400 ikalala. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute Strava, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi, basi. La pili ni usalama na hapa dada zangu mnisikie, usipokagua mipangilio yake watu usiowajua wanaweza kuona umeanzia wapi na umeishia wapi, yaani mlango wa nyumba yako na saa unayotoka. Mwanzoni mwa 2018 ramani yao ya jumla ilizua kelele dunia nzima baada ya kuonyesha njia za mazoezi ndani ya kambi za jeshi, sembuse wewe wa Isyesye. Nenda kwenye faragha, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na uweke wanaokufuata tu ndo waone.

La tatu ndo limenifanya nikate nyota mbili. Ile namba ya mwendo, dakika kwa kilomita, ni sumu kwa anayeanza. Unaiona 10 na kitu unajisikia vibaya unaongeza, kesho yake huwezi kushuka ngazi. Alafu apu haijui vizuri kwamba uko Mbeya, mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kupanda kutoka Mafiat kwenda mjini ni mlima kabisa hata bajaji inalalamika, unalinganishwaje na shemeji yako anayekimbia Dar pembeni ya bahari? Mimi simu inakaa kwenye mkoba wa kiunoni, siiangalii mpaka nimalize. Kipimo changu ni mdomo, kama siwezi kumsalimia bibi wa njiani shikamoo nzima nikaipata na marahaba yake bila kukata pumzi, napunguza. Ya kulipia, ile yenye mashindano ya vipande vya njia na uchambuzi, sioni bonge mgeni anaitaka ya nini.

Programu ya kukimbia yenyewe usinunue kwa mtu. Ile Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kukimbia kilomita 5, ipo tangu 1996, wiki tisa, mara tatu kwa wiki, na wiki ya kwanza ni kutembea haraka dakika tano alafu unakimbia sekunde 60 unatembea sekunde 90, jumla dakika 20. Wiki tisa ni za karatasi tu, kwa uzito wetu rudia wiki mpaka mwili ukubali, hakuna atakayekuja kukukagua. Kapime presha kwanza. Njia tafuta tambarare, kule uwanja wa ndege wa zamani, ule uliotumika kabla uwanja wa Songwe haujafunguliwa 2012, mitaa yake haina milima ya kuua mtu. Forest ya Zamani pana kivuli na utulivu lakini pana miteremko, na mteremko ndo unaumiza goti kuliko kupanda, ukifika hapo tembea. Barabara kuu usiiguse, malori ya Tunduma hayana habari na wewe na ule ujenzi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi umetufundisha wote vumbi ni nini.

Vingine ni haraka haraka. Brazia ya mazoezi inayobana kweli, nayo ipo kwenye mitumba, jaribu kurukaruka palepale nyuma ya pazia. Mafuta ya mgando kwenye mapaja kabla ya kutoka, au taiti ndefu, ukipuuza utaoga ukilia. Na watu watasema, "Mama Junior nani anakukimbiza?", jibu ulilonalo litatosha, wakikuona mara kwa mara wanahamia kwa mwingine.

Na kama unaanza Novemba au Disemba mvua zikiwa zimefika, kiatu kikilowa usikianike juu ya jiko la mkaa wala kukiweka nyuma ya friji, gundi inaachia na sponji inakauka. Toa soli ya ndani, legeza kamba, shindilia magazeti ndani, yabadilishe yakilowa. Kwa baridi ya hapa kinachukua siku mbili, kwa hiyo ratiba ya kuruka siku moja moja mvua yenyewe itakupangia.