CryptPad kwa fomu za wageni wa Maulidi: uzoefu wangu

Kila Mfungo Sita Lamu hujaa. Wageni wa Maulidi hutoka Mombasa, Malindi, Tanga hadi Unguja, nasi wa Langoni tunaopanga malazi lazima tujue nani anakuja, yuko na nani, na atalala kwa nani. Siku hizi ni fomu ya mtandaoni tu, linki inarushwa WhatsApp.

Tatizo ni kwamba linki ikishaingia kwenye magrupu haifi. Huduma tuliyokuwa nayo mwanzo haikuwa na pa kuweka tarehe ya mwisho, na kuna familia iliyojaza fomu ya mwaka uliopita, ikashuka kwenye boti kutoka Mokowe na mabegi yake yote, inauliza chumba. Walipata pa kulala, mgeni wa Maulidi halali nje, lakini mwenye nyumba aliyeletewa watu sita bila taarifa alituambia maneno yake.

Ndipo nikahamia CryptPad, programu huria kutoka Ufaransa. Nilichokipendea ni tarehe zake mbili. Moja ni ya kufunga: ikifika, fomu haipokei tena majibu na anayeifungua anaambiwa imefungwa. Nyingine ni ya kuiteketeza hati yenyewe, nayo unaiweka wakati wa kuitengeneza. Mimi huipa mwezi mmoja baada ya wageni kuondoka, maana hakosekani aliyesahau kanzu au chaja na inabidi apigiwe simu.

Wengi hudhani kufunga ndiyo kufuta. Siyo! Fomu iliyofungwa bado ina kila kitu: majina, nambari za vitambulisho, simu za wake za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 39, inataka taarifa za mtu zisikae kuliko inavyohitajika, na kwa kweli orodha ya malazi ikishapita Maulidi haina kazi.

Ila jihadhari na faili la majibu. Ukilipakua, tarehe ya kuteketezwa hailihusu; litabaki kwenye simu yako na ya kila uliyemtumia. Anayegawa vyumba mimi humpa linki ya kusomea majibu huko huko, basi.

Kasoro zipo. Mtandao ukiwa dhaifu inachukua muda kufunguka, na wazee hukata tamaa wakampa mjukuu awajazie. Tena maandishi yamefungwa kwa siri hata wenye seva hawayasomi, kwa hiyo neno la siri liandike mahali, ukilisahau usitegemee watakurudishia. Na fungua akaunti, ni bure: hati ya asiye na akaunti isipoguswa siku 90 hufutwa, utake usitake.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata ikianza kufunguka upesi kwenye simu za bei ya chini.