Kupima maji ya kisima Mbeya na Iringa: huduma tatu zinazouzwa, na mjiolojia anayestahili hela yako

Ukitaka kuchimba kisima kirefu Mbeya, Iringa au Njombe, utakutana na huduma za aina tatu za kupima mahali pa kuchimba. Ya kwanza ni mtu mwenye kifaa chenye kioo kinachochora picha ya rangi. Anazunguka kiwanjani nusu saa, anachomeka kijiti na kukwambia "chimba hapa, mita themanini". Ya pili ni kampuni ya uchimbaji inayokupimia "bure" ndani ya bei ya kuchimba. Ya tatu ni mjiolojia wa maji anayejitegemea: anapima, anaandika ripoti, kisha anakuwepo siku rigi (mashine ya kuchimbia) inapofanya kazi. Gharama ya kupima ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuchimba, na hapo hapo ndipo wateja wengi wanapobana. Matokeo yake ni mashimo makavu yaliyolipiwa kwa kila mita.

Tunaanza na ya tatu, kwa kuwa ndiyo tunayoipendekeza na ndiyo yenye mengi ya kukagua.

Mjiolojia mzuri anaanza kazi kabla hajafika kwako. Anakuwa ameshaangalia ramani ya jiolojia ya eneo, zile zinazotolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyopo Dodoma, pamoja na picha za satelaiti. Kwenye picha anatafuta mistari: korongo lililonyooka kupita kawaida, au safu ya miti inayobaki kijani kiangazi kizima. Mara nyingi mistari hiyo ni mipasuko ya mwamba, na kwenye miamba yetu migumu maji hukaa kwenye mipasuko. Akifika anatembea kwanza. Anauliza visima vya majirani vina kina gani, vinakauka mwezi gani, na rigi ilikuta mwamba mgumu kwenye mita ya ngapi. Anayeshusha vifaa kwenye gari bila kuuliza hata kisima kimoja cha jirani ameacha nusu ya taarifa barabarani.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha umeme. Vigingi vinne vya chuma hupigwa kwenye mstari mmoja: viwili vya nje vinapeleka umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima volti. Vya nje husogezwa mbali hatua kwa hatua, na kadiri vinavyoachana ndivyo umeme unavyopita chini zaidi. Hesabu ya kushika ni hii: ili kuona vizuri kina cha mita 60 hadi 80, kila kigingi cha nje kinapaswa kufika mita 100 hadi 150 kutoka katikati. Huo ni mstari wa mita 200 hadi 300 ulionyooka. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 hakiwezi kuubeba. Kwa hiyo mjiolojia wa kweli atakuomba umwombee njia ya mtaa, uwanja wa shule au shamba la jirani, na atakuja na vijana wa kuvuta nyaya. Aliyemaliza kazi yote ndani ya ukuta wako kisha akaandika "kina mita 100" hakukiona kina hicho.

Usimwache apange mstari sambamba na uzio wa waya au bomba la chuma lililofukiwa, maana umeme utafuata chuma na namba zitaharibika. Mwezi wa tisa na wa kumi ardhi ya juu inakuwa kavu kiasi kwamba vigingi havigusani vizuri na udongo. Dawa yake ni ndogo: maji ya chumvi kidogo kwenye kila kigingi cha nje kabla ya kusoma. Ukimwona anafanya hivyo bila kuambiwa, jua ameshika kazi.

Ugumu mkubwa uko kwenye kutafsiri namba. Kifaa hakisomi maji, kinasoma ukinzani wa umeme, kwa ohm-mita. Granaiti ngumu isiyo na nyufa hutoa maelfu, na mwamba uliooza wenye maji hushuka hadi makumi au mia na kitu. Udongo wa mfinyanzi nao unashuka hivyo hivyo, pengine zaidi, na mfinyanzi hushika maji bila kuyaachia. Hapa ndipo visima vingi vinapokosewa: mtu ameona namba ndogo kwenye mita 25, ameandika "maji", rigi imetoa tope zito na kisima kinajaa ndoo tatu kwa siku. Anayetenganisha hayo mawili ni yule aliyesoma mwamba unaojitokeza juu, akajua ukioza unazaa nini. Granaiti yenye chembe kubwa inaoza kuwa changarawe inayopitisha maji. Miamba yenye madini mengi meusi inaoza kuwa mfinyanzi.

Ndiyo maana mjiolojia aliyezoea Iringa hawezi kuhamishia kanuni zake Tukuyu, wilayani Rungwe, bila kubadili kitu. Iringa mjini na viunga vyake ni granaiti na naisi, na anayeishi karibu na jiwe la Gangilonga anaona mwenyewe mwamba ulivyo juu juu. Lakini kati ya jiwe na jiwe kunaweza kuwa na bonde lililofukiwa lenye mwamba uliooza wa makumi ya mita. Hatua hamsini pembeni na habari ni nyingine kabisa, hivyo pointi moja ya kuchimba haitoshi. Dai angalau tatu, zikiwa zimepangwa kwa ubora. Jiji la Mbeya lina miamba ya kale chini ya safu ya Loleza, na bondeni imefunikwa na majivu na pumisi (mawe mepesi yenye matundu) za volkano za upande wa Rungwe na Ngozi. Hayo majivu yanasumbua rigi ya hewa: upepo wa kompresa unapotelea kwenye matundu, chenga za mwamba hazipandi, ukuta wa shimo unabomoka na nyundo ya kuchimbia inanasa chini. Ripoti nzuri inaonya mapema na kusema ni mita ngapi za kesingi (bomba la kushikilia ukuta wa shimo) ya chuma ya muda zinahitajika, au povu la kuchimbia. Rungwe ni tabaka za lava. Maji hupita kwenye nyufa na kwenye tabaka lenye matundu kati ya lava moja na nyingine, kwa hiyo kisima kinaweza kutoa maji mita 20, kikakauka kwenye mwamba mzima, kisha kikatoa tena chini zaidi. Usangu, upande wa Mbarali, ni mchanga na mfinyanzi ulioletwa na mito. Huko shida ni kuchagua skrini, yaani bomba lenye matundu ya kuingizia maji. Matundu yakiwa makubwa kuliko chembe za mchanga, pampu inakula mchanga mpaka inakufa.

Ripoti yenyewe uisome kabla ya kumaliza malipo. Iwe na jedwali la namba ghafi zilizosomwa shambani na mchoro wa kila pointi. Ionyeshe tabaka zilivyokadiriwa na unene wake, kina cha chini na cha juu cha kuchimba, na umbali kutoka vyoo, usiopungua mita 30. Halafu kuna koordineti, yaani namba zinazotaja mahali penyewe, ambazo wengi hawaziangalii. Mbeya na Iringa zote zipo kanda ya 36 Kusini ya gridi ya ramani (UTM), lakini ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 wakati simu na GPS hutumia WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake zinakuhamisha takriban mita 300. Ripoti isiyotaja mfumo inaweza kuipeleka rigi kwa jirani. Pointi iwekewe kigingi cha zege siku ile ile, na ipigwe picha.

Siku ya kuchimba ndiyo inayotofautisha huduma hii na nyingine. Chenga za mwamba zinachotwa kila mita moja na kupangwa chini kwa mstari, na mjiolojia anaziosha kiganjani na kuziangalia kwa lenzi. Kingo zenye kutu ya rangi ya chungwa ni dalili ya ufa unaopitisha maji. Chenga zikiwa safi, za kijivu, zenye kingo kali kwa mita 15 au 20 mfululizo, na kipimo hakikuonyesha kitu chini yake, hapo ndipo mtu huru anasema "tusimame", na hela yako inabaki mfukoni. Maji yakianza kurushwa na hewa yanapimwa kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 36 ni lita 2,000 kwa saa. Kisha anapanga kesingi kwa kufuata kumbukumbu zake, skrini mbele ya nyufa na bomba zima mbele ya mfinyanzi. Fundi asiye na kumbukumbu huweka skrini chini kabisa kwa mazoea, na ufa wenye maji unazibwa na plastiki. Kokoto za mviringo za milimita 2 hadi 4 zijazwe pembeni, na mita za juu zizibwe kwa saruji ili maji ya juu yasiingie.

Huduma ya pili, ya kampuni ya kuchimba, si mbaya kila mara. Zipo zenye wajiolojia hodari. Tatizo ni kwamba analipwa kwa mita yule yule anayeamua mita. Ukiitumia, angalia mkataba unaosema "hakuna maji, hakuna malipo". Maji kiasi gani? Andikeni lita kwa saa, na zipimwe kwa pampu, si kwa upepo wa kompresa. Jaribio la pampu la saa 24 kwa kiwango kimoja, likifuatiwa na kupima jinsi maji yanavyopanda kurudi, ndilo linaloonyesha ukubwa wa pampu ya kununua na mahali pa kuitundika. Likifanyika mwezi wa tatu mvua zikiwa zimeshiba, tegemea kiwango cha maji kisimani kushuka kufikia Oktoba.

Kifaa cha picha za rangi hatukipendekezi peke yake. Vingi havipeleki umeme ardhini. Vinasoma umeme wa asili, ambao nyaya za TANESCO zinauvuruga kirahisi. Kwenye mikono ya mjiolojia kinaweza kusaidia kuchagua mahali pa kuweka vigingi, basi.

Kuhusu sifa za mtu, omba kuona shahada ya jiolojia, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma au penginepo panapotambulika, na ripoti mbili za visima vilivyokwisha kuchimbwa, ukilinganisha alichotabiri na kilichopatikana. Mwenye stashahada aliyekaa rigini miaka mingi anaweza kusimamia uchimbaji vizuri sana, ila tafsiri ya vipimo isainiwe na mwenye ujuzi huo. Aweze pia kukueleza ripoti kwa Kiswahili chepesi. Vibali vinasimamiwa na bodi za maji za mabonde chini ya sheria ya mwaka 2009: Rufiji kwa Iringa na Mbarali, Ziwa Rukwa kwa Chunya na Songwe, Ziwa Nyasa kwa Rungwe na Kyela. Mjiolojia anayejua kazi anakuandalia maombi pamoja na ripoti.

Mwisho wa jaribio la pampu, kabla haijazimwa, chukua sampuli ya maji ipelekwe maabara. Kwenye maeneo ya volkano na chemchemi za moto usisahau kuomba floraidi. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuipunguzi.