"Inawaka haiwaki?": fundi aliyenifungia soketi na swichi

Nianze na haki yake. Soketi zilikaa sawa ukutani, hakuna hata moja iliyolala upande, na plasta aliyoichimba aliirudishia vizuri mpaka fundi rangi hakulalamika. Siku anamaliza nilimlipa chote, 180,000 ya ufundi, nikamwongezea nauli ya kurudi Mbagala. Wiki kadhaa nikawa namsifia kwa majirani.

Kisha ikaanza taa ya chumba cha watoto. Nikizima swichi, balbu inabaki inang'aa kwa mbali, kama jicho la paka. Nikabadilisha balbu. Vilevile. Nikampigia.

"Fundi, habari za kazi. Ile taa ya chumba cha watoto nikiizima haizimiki vizuri."

"Dada, ukiwasha, inawaka haiwaki?"

"Inawaka."

"Na soketi zinachaji simu?"

"Zinachaji."

"Sasa unalalamika nini? Nyie wanawake mkishaona video mbili mnajifanya mafundi." Akakata.

Maneno hayo nimelala nayo. Sikumtukana, sikumdai hela. Mimi sikusomea umeme, ndiyo maana nilimlipa aliyesema amesomea!

Hata hivyo mdomo ningemsamehe. Kazi ikiwa nzuri, mdomo unavumilika. Lakini mama yangu alikuja kutoka Tanga, sakafu imetoka kudekiwa, akashika mlango wa friji miguu mitupu. Akaruka na yowe. Mama ana miaka 70 na presha. "Mwanangu, friji lako linapiga shoti!" Mikono ilimtetemeka hadi jioni.

Nikatafuta fundi mwingine, safari hii mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na nikaomba kuiona kabla hajashika bisibisi. Akazima mein swichi, akafungua soketi ya friji, akaniita nitazame. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekunjwa nyuma ya boksi, haukufungwa popote. Akafungua nyingine, hivyohivyo. Soketi 9! Zote lile tundu la juu halikuwa na kitu nyuma yake. Waya huo ndio unaopeleka ardhini umeme unaovujia kwenye bodi la friji. Usipofungwa, umeme unapita kwa aliyegusa. Kwangu ulipita kwa mama.

Kwenye swichi ya watoto nilitaka kulia. Yule wa kwanza alikuwa amepitisha kwenye swichi nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, ule unaouleta, kwa hiyo ukizima, taa inafifia tu na kwenye holda umeme bado upo. Na mimi nilishapanda stuli kubadilisha ile balbu kwa mkono, nikiamini nimezima.

Sasa ile haki niliyoanza nayo naifuta. Mtu anayeweza kunyoosha soketi kwa pima maji anashindwaje kukaza skrubu moja? Waya niliununua mwenyewe Kariakoo, alikuwa nao mkononi. Nilitaka kuandika kwamba labda alisahau. Soketi moja unaweza kusahau, 9 huwezi. Aliona hakuna atakayefungua kuangalia, na nilipouliza akanifokea ninyamaze. Msimwite huyu mtu, hata akiwapunguzia nusu ya bei.

Fundi wa pili amefunga zote upya na kuzipima moja moja mbele yangu. Mama bado anafungua friji kwa ncha ya kanga.